Karani Hatoki Ofisini

Jumapili, 9 Juni

Dada, leo naanza shajara hii, na naahidi kuandika yote, hata yale yatakayonitia aibu. Mwalimu wa Kiswahili ametuambia kwamba shajara inayoficha mambo ni sawa na kioo kilichogeuziwa ukutani. Tangu uende chuo cha uuguzi nimekuwa nikikuandikia kwamba sote ni wazima. Ni kweli, sote ni wazima. Lakini paka wako yumo hatarini.

Nieleze kwa mpangilio.

Asubuhi Mama alivuka ua, akafungua stoo ili atoe jora la kitambaa cha sare. Panya wamelitoboa. Mama alilikunjua juani, akachungulia kupitia matundu yake kama mtu anayetafuta mwezi. Akalikunja upya, polepole. Unamjua. Angepiga kelele ningepata nafuu.

Akarudi ndani. Akasimama mbele ya Karani. Karani alikuwa amelala juu ya karatasi za vipimo, kazi ileile iliyompatia jina. Mama akasema fundi hufuga paka kwa sababu ya panya. Panya wako stoo. Paka yuko ndani. Kwa hiyo nyumbani humu kuna mtu anayekula bure, na si Bibi.

Bibi akasema kutoka kitini pake kwamba paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Mama akamjibu kwa heshima zote kwamba sare arobaini hazishonwi kwa methali.

Hukumu ikatoka. Ifikapo Jumamosi, Karani awe analala stoo. Asipolala stoo, anakwenda kwa mwenye mashine ya kusaga unga, aliyekwisha kumwomba mara mbili. Dada, unaijua mashine ile. Ikiwashwa, vikombe vya nyumba ya tatu vinatetemeka. Na Karani anaogopa hata pasi ikipumua mvuke.

Tusimsingizie, lakini tuseme ukweli. Ana miezi tisa hapa na hajavuka kizingiti. Dunia yake ni vigae kumi na moja kwa tisa. Nimevihesabu. Haja zake anazimaliza kwenye beseni la mchanga bafuni, nami nabadilisha mchanga kila siku kama ulivyonielekeza. Mlango ukiwa wazi anautazama kama tunavyotazama picha ya bahari kwenye kalenda. Vizuri, lakini nani anataka kulowa?

Nimeomba kazi ya kumfundisha kutoka nje. Mama amesema nina siku sita, na nisiguse mkasi wake.

Nina matumaini. Mimi ni wa pili darasani.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango wa kwanza: chambo.

Niliomba kichwa cha samaki, nikakiweka kwenye sahani uani, hatua tatu kutoka mlangoni. Nikajificha nyuma ya pipa la maji. Karani akaja hadi kwenye kizingiti. Akakaa upande wa ndani, miguu imepangwa sawasawa kama mwanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Akamtazama samaki. Kisha akanitazama mimi, jinsi mteja anavyomtazama mhudumu aliyechelewa.

Tukakaa hivyo robo saa. Ndipo Askari akaruka ukuta, akachukua kichwa, akaondoka. Askari ni paka wa Kinara.

Kinara unamkumbuka, binti wa mlango wa pili. Bado ni wa kwanza darasani. Alikuwa dirishani wakati wote ule. Akanishukuru kwa niaba ya paka wake, akaniuliza kama kesho itakuwa saa ileile. Kisha akasema kwamba paka asiyetoka nje si paka, ni mto wenye mkia.

Jibu la kumpa lilinijia saa mbili baadaye, nikiwa naosha vyombo. Naliandika hapa lisipotee: afadhali mto, mto hauibi.

Mpango wa kwanza, sehemu ya pili. Nilimbeba Karani, nikamweka katikati ya ua, nikafunga mlango. Alijibana chini akawa bapa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Akajivuta hivyohivyo hadi ukutani, akapanda dirishani, akaingia, akashukia juu ya meza ya pasi, juu ya blauzi ya mteja. Mama aliuliza ni nani aliyeacha dirisha wazi.

Hasara: kichwa kimoja cha samaki, na blauzi moja ya kufuliwa upya. Faida: nimejua kwamba Karani anaweza kuruka.

Jumanne, 11 Juni

Mpango wa pili: mwalimu.

Niliwaza hivi. Mtoto hajifunzi kusoma kwa kuonyeshwa samaki. Hujifunza kwa mwalimu. Na paka anayetoka nje kuliko wote katika jengo hili ni Askari. Nikaenda kwa Kinara kumwazima.

Kinara alikubali kwa sharti kwamba niseme “Kinara, nakuomba” mara tatu. Nilisema mara mbili kwa sauti. Ya tatu niliisema moyoni, nikamwambia nimekwisha. Akanitaka niirudie. Nikairudia.

Nia yangu ilikuwa wakae pamoja saa nzima wazoeane, kisha nifungue mlango, Askari atoke, Karani amfuate. Askari akaingia. Akanusa kila kikapu. Akala chakula cha Karani. Akatumia beseni la Karani. Kisha akagundua ile sehemu ya meza iliyo karibu na pasi, yenye joto. Karani akamsogelea. Wakalala mgongo kwa mgongo.

Nikafungua mlango. Manyunyu yalikuwa yameanza. Askari akainua kichwa, akatazama ua ambao ameuzunguka maisha yake yote, akakirudisha kichwa chini.

Kinara alikuja kumwita. Askari alisogeza masikio tu. Akamwita kwa jina kamili na cheo. Hakuna. Mwishowe ikabidi aingie ambebe, na Askari akashika pazia la mteja kwa kucha zote, kama mtu anayehamishwa kazi bila barua. Kinara akasema nimemharibia paka, nimemfundisha uvivu, na kwamba mama yake atakuja kuzungumza na mama yangu.

Mama yake akaja. Wakazungumza. Baadaye Mama akaniuliza, kwa utulivu, kama nakumbuka kwamba alinipa siku sita nitoe paka mmoja nje. Nikasema nakumbuka. Akasema ameona siku mbili zimetosha kuingiza wa pili.

Jambo jingine la leo. Mwalimu wa nidhamu wa shule yetu alikuja kujaribu suti yake. Ni suti ya koti na sketi, ya kijivu iliyoiva, ya kuvaa Siku ya Wazazi, Jumamosi saa nne. Kitambaa alikinunua mwenyewe safarini, na ni hichohicho tu. Nilimwamkia, nikaenda kusimama nyuma ya kabati hadi alipomaliza, ingawa sikuwa na kosa.

Alipoondoka, Mama alifanya kama afanyavyo siku zote. Aliachanisha bandi, ile mishono ya muda, akapachika vipande pamoja kwa pini, akaviweka katika kikapu, akafunika kwa shuka safi. Kisha akafunga kwenye mpini wa kikapu utepe wa kitambaa kilekile. Wewe unajua, haandiki majina ya wateja. Husema karatasi hudanganya, kitambaa hakidanganyi. Suti hiyo ataishona mwisho, Ijumaa, kwa sababu ni ya rangi iliyoiva na Karani ana manyoya meupe.

Jumatano, 12 Juni

Mpango wa tatu. Huu ni mzuri. Nimeupata katika kipindi cha hisabati.

Nilikosea kumtoa Karani kwa ghafla. Haraka haraka haina baraka. Karani hapendi kwenda. Lakini Karani hulala saa kumi na sita kwa siku, na aliyelala hajui kama anakwenda. Basi, kigae kimoja kila dakika kumi.

Niliporudi shuleni alikuwa amelala juu ya kikapu chini ya dirisha, juu ya shuka. Kutoka pale hadi mlangoni ni vigae tisa. Nikapiga magoti, nikasukuma. Kigae cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Kwenye kigae cha nne alifungua jicho moja. Nikajifanya naokota pini. Akalifumba.

Utepe wa kwenye mpini ulikuwa unaburuzika sakafuni na kunasa kwenye viungo vya vigae. Nikaufungua. Mama hapendi tepe zipotee, kwa hiyo niliufunga kwenye mpini wa kikapu kilichokuwa jirani, ambacho hakikuwa na utepe wowote. Hapo nilijisifu kwa uangalifu wangu.

Mama alikuwa kwenye cherehani, ametupa mgongo. Bibi aliona yote. Aliniita kwa kidole, akaninong'oneza, akiniita mke mwenza kama kawaida yake, kwamba hivyo hivyo ndivyo yeye alivyomhamisha babu yetu kutoka nyumbani kwa mama yake. Ilimchukua miaka miwili. Nikamwambia mimi nina siku tatu. Akasema Karani ni mwepesi zaidi.

Saa kumi na mbili jioni kikapu kilikuwa kimefika mlangoni. Mama alipogeuka aliuliza kikapu kinatafuta nini pale. Nikajibu kwamba Karani amelala juu yake. Huo ulikuwa ukweli mtupu. Akasema nisimwamshe basi, akaenda kuweka sufuria motoni.

Sijawahi kukaribia ushindi namna hii.

Alhamisi, 13 Juni

Leo Karani ameingia stoo.

Mama alikuwa amekwenda kununua vifungo. Karani alikuwa palepale mlangoni, juu ya kikapu. Bado analala hapo kwa sababu jua la mchana hufika hadi pale. Nilikinyanyua kikapu kukivusha kizingiti huku nimezuia pumzi. Nikamfunika kichwa kwa ncha ya shuka ili akiamka adhani bado yuko ndani.

Ua una hatua ishirini na nne. Nilikwenda nusu hatua, nikasimama, nikahesabu hadi mia, nikaenda tena. Kinara alikuwa amekaa kwenye ngazi na kitabu. Akauliza kama tunahamisha mgonjwa. Nikamwonyesha anyamaze. Akaniuliza kwa kunong'ona kama mgonjwa ana matumaini. Kwa kweli alisaidia kidogo: alimfukuza kuku aliyekuwa njiani. Lazima niandike na hilo.

Saa kumi na dakika arobaini tulifika. Niliweka kikapu juu ya majora, nikatoka kwa ncha za vidole, nikafunga mlango. Kimya. Nikasoma jedwali la saba moyoni. Nilifika saba mara nane.

Dada, sijui nikuandikieje sauti ile. Ilianza kama bawaba ya mlango, ikapanda. Watu wa ghorofani walitoka. Mama mmoja aliuliza kama kuna anayejifungua, na kama gari limeitwa. Mimi nilisimama tu. Niliambiwa na vitabu kwamba mwanafunzi mpya hulia siku ya kwanza na kwamba mzazi asirudi nyuma.

Kinara ndiye aliyefungua. Ua ule niliouvuka kwa saa moja, Karani aliuvuka bila kuugusa. Nilifunga stoo kwa komeo, nikamfuata ndani. Alikuwa chini ya cherehani, kwenye kanyagio, amejikunja, moyo unampiga kiasi kwamba kanyagio lilikuwa linasogea lenyewe. Nililala chini sakafuni nikamwekea mkono hadi Mama aliporudi. Hakula. Mimi pia sikula sana.

Hata hivyo, ametoka nje na amefika stoo. Kwa hiyo inawezekana. Kesho nitajaribu na taulo lake.

Ijumaa, 14 Juni

Leo sitaki kuandika, lakini niliahidi.

Niliporudi shuleni, Mama alikuwa amekaa mbele ya kikapu chenye utepe wa kijivu. Ametoa vilivyomo vyote, amevipanga mezani. Vilikuwa mabaki. Vipande vya sare, vya mapazia, vya gauni la mtu la mwaka jana. Kile kikapu cha jirani kisicho na utepe, nilichokifunga utepe mimi, ni kikapu cha mabaki, Dada. Mama hakifungi utepe kwa sababu mabaki hayana mwenyewe.

Akaniuliza kama nimeona suti ya mwalimu wa nidhamu. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anajiuliza yeye mwenyewe. Alikuwa ametafuta tangu asubuhi. Alikuwa ameanza kudhani kwamba amezeeka.

Hapo ndipo nilipokumbuka kikapu kiko wapi. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia kigae cha kwanza. Bibi akasema nisimeze maneno, niyateme.

Tulivuka ua pamoja. Mama akavuta komeo. Kikapu kilikuwa juu ya majora, kama nilivyokiacha, ila shuka lilikuwa na mlango mdogo wa duara. Mgongo wa suti haukuguswa. Mbele hakukuguswa. Sketi haikuguswa. Mkono wa kulia umeliwa kutoka kiwikoni kwenda chini. Mkono wa kushoto umeonjwa.

Mama alikaa kwenye kizingiti cha stoo. Alisema ameshona miaka kumi na miwili na hakuna mteja aliyewahi kuondoka mikono mitupu. Alisema fundi hana kitu kingine, ana jina tu, na jina likitoboka halina kiraka. Nilikaa karibu naye. Kuku alipita.

Kisha akainuka, akasema nilete chaki.

Alipima kipande kilichobaki. Akakunja, akakunjua, akapima tena. Akakata mikono yote miwili ikaishia juu kidogo ya kiwiko, akatia pindo pana. Mimi nilishika pini. Karani alibaki chini ya kabati, na mara ya kwanza katika maisha yake hakupanda juu ya chochote. Mkono wa pili ulipokwisha kuunganishwa, Mama akakata uzi kwa meno. Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, kesho nitamweleza mwalimu kwa kinywa changu mwenyewe. La pili, amekwisha kumtumia ujumbe mwenye mashine ya kusaga. Atakuja asubuhi.

Nilimsihi. Nikamwambia kosa ni langu, si la Karani, yeye alikuwa amelala. Akasema hilo ndilo kosa lake, kulala. Nikauliza kama naweza kwenda mimi kwa mwenye mashine badala yake, nisaidie kushona magunia. Mama akasema yule baba anataka paka, hajasema anataka mashaka.

Bibi alicheka, kisha akaacha.

Dada, naogopa kukutumia kurasa hizi.

Jumamosi, 15 Juni

Walifika karibu wakati mmoja. Mwalimu wa nidhamu saa mbili kamili, kwa sababu yeye huwa hafiki na dakika. Mwenye mashine ya kusaga saa mbili na dakika tano, na boksi lenye matundu na kamba. Nyusi zake zilikuwa na unga. Mama akamwomba akae kidogo. Akakaa, boksi magotini.

Mwalimu alivaa suti chumbani, akatoka. Akainua mikono. Akaitazama mikono. Akasema anavyokumbuka yeye, walikubaliana mikono mirefu. Mama akasema ni kweli, mwalimu, na mwenye maelezo ni huyu hapa. Akanisogeza mbele kwa bega.

Nilieleza nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma, kama ofisini kwake. Nilianza na kichwa cha samaki. Nilipofika kwa Askari, mwenye mashine alikohoa kwa muda mrefu. Nilipofika kwenye jedwali la saba, mwalimu aliomba nirudie. Nikarudia. Nilipomaliza nikasema, samahani sana mwalimu, na tafadhali paka asiadhibiwe.

Mwalimu wa nidhamu akamgeukia Mama. Unamjua, hupenda kuuliza maswali mafupi. Alimuuliza Mama kikapu kilikaa ndani siku ngapi. Mama akasema tangu Jumanne hadi Alhamisi. Kiliguswa? Hakikuguswa. Stoo kilikaa muda gani? Usiku mmoja. Kisha akauliza lini panya wamewahi kula nguo humu ndani.

Mama akageuka. Akatazama vikapu. Akasema zamani walikuwa wanakula. Walikuwa wanakula hata nyuzi za cherehani. Akamuuliza Bibi, lini ile? Bibi akasema kabla ya Karani.

Mwalimu akauliza, na baada ya Karani, fundi?

Mama akasema, sijaona.

Mwalimu akasema yeye si fundi wala hajui paka. Lakini shuleni, askari wa lango akiwa hodari, hawamhamishii uwanjani ambako hakuna kitu. Wanaingiza vitu ndani ya lango. Akauliza, sasa hapa anayetakiwa kuhama ni paka au ni kitambaa?

Hapo Karani alitoka chini ya kabati. Akapita mbele ya watu wote. Akaruka ndani ya boksi la mwenye mashine, pale magotini, akajizungusha mara mbili, akakaa.

Moyo wangu, Dada. Niliona yamekwisha.

Mwenye mashine akamwangalia. Akasema, huyu anapenda boksi, hapendi safari. Akainuka kwenda mlangoni kujaribu. Alipofika kigae cha mwisho, Karani alitoka, akarudi kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye karatasi za vipimo, akakaa juu yake. Mwenye mashine akamwambia Mama kwamba mambo mawili hayawezekani: kumwondoa hakimu mahakamani na kumwondoa paka huyu humu. Atatafuta mwingine. Mama akamwambia asikasirike, shemeji. Akasema hajakasirika, ila boksi atalichukua.

Mama alisimama mlangoni akimwangalia anavyovuka ua. Kisha, bila kugeuka, akaniambia niende stoo nianze na majora makubwa.

Mwalimu wa nidhamu alipokuwa anaondoka aliniambia Jumatatu nitafagia ofisi yake, na pia wiki nzima. Nikasema ndiyo mwalimu. Akasema pia kwamba mtoto anayeweza kusukuma kikapu kigae kimoja kila dakika kumi angefanya makubwa katika hisabati kama angeamua. Nadhani hiyo ilikuwa sifa. Nimeiandika upande wa sifa.

Nimebeba majora kumi na tisa. Kinara alinisaidia manne, akisema anafanya mazoezi.

Jumapili, 16 Juni

Jana kwenye Siku ya Wazazi walimu wawili walimuuliza mwalimu wa nidhamu mikono ile ameishonea wapi. Aliwajibu kwamba ndiyo inayovaliwa sasa. Leo wote wawili walikuja kupimwa. Mmoja alisisitiza mikono yake iishie palepale. Mama aliandika vipimo, na mdomo wake ulikuwa unajizuia. Sijasema lolote, lakini ukifuatilia vizuri utaona kwamba mikono ile ni matokeo ya mpango wangu wa tatu.

Nyumba imejaa. Majora saba yako chini ya kitanda changu, matano chini ya kitanda chako, na Bibi ameegemea la mapazia na anasema hajawahi kupata kiti kama hicho. Karani sasa ana ghorofa. Amelala juu ya kila jora kwa zamu, kama mkaguzi. Askari amekuja leo asubuhi bila kuitwa, na Kinara akamfuata, akakaa, akanifundisha hesabu za sehemu. Tumekubaliana kwamba paka wa ndani wana mambo yao.

Mama ameniwekea sheria tatu. Nisimsogeze Karani. Nisisogeze kikapu. Nisiguse utepe wowote hadi nitakapoolewa. Nimeziandika na kuzibandika juu ya meza yangu ya kusomea.

Sasa nisikilize, kwa sababu nimelifikiria tangu jana na naona liko wazi kabisa. Stoo imebaki tupu. Ndani yake wamebaki panya peke yao, hawana kitambaa, hawana kazi, na huenda wakahamia kwa jirani mwingine. Karani naye yuko ndani na hana hata panya mmoja, na Mama anaweza kuanza tena kusema anakula bure. Mwalimu wa nidhamu ametufundisha kwamba paka asipokwenda kwenye kitu, kitu kiletwe kwa paka. Kitambaa tumekileta. Kutoka stoo hadi mlangoni ni hatua ishirini na nne, na nikiweka chambo kidogo kila nusu hatua, polepole, panya hatajua kama anakwenda. Nimesoma sheria za Mama mara tatu. Panya hawakutajwa.

Nitatuma kurasa hizi kesho asubuhi, na nataka kuanza Alhamisi. Wewe unasoma mambo ya sayansi na una maktaba. Kwa hiyo tafadhali, Dada, nijibu kwa barua ya kwanza itakayorudi: panya hupenda zaidi nini, karanga au mkate?